Goti lililosagika halitaki kulazwa

Mtu mzima akiambiwa kwamba goti lake limesagika, ushauri wa kwanza anaopewa nyumbani ni kukaa kitako, kwa hofu kwamba ute umekauka na kwamba kila hatua inazidi kulimaliza. Dhana hiyo si sahihi. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu; hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo, unaoingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, mithili ya sifongo. Tena goti linalouma mara nyingi huwa na ute uliozidi, ndiyo maana huvimba. Anayelilaza kwa miezi huidhoofisha misuli ya paja, na hilo naliona kuwa kosa kubwa zaidi, kwa kuwa misuli hiyo ndiyo inayolisaidia goti kubeba mwili.

Kwa sababu hiyo, mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, huweza kuanza na zoezi dogo: keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja polepole, hesabu mpaka 5, kisha ushushe. Maumivu kidogo si dalili ya madhara. Yakizidi hadi kesho yake, punguza idadi ya kurudia zoezi, usiache. Goti jekundu lenye joto, linaloambatana na homa, ni suala jingine: nenda hospitali siku hiyo hiyo.