Kuficha uchovu hakumkingi unayemuuguza

Hapa Kisumu wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha wengi ni walezi: anayekesha na mgonjwa katika hospitali ya Jaramogi, tunayoiita Russia, kifungua mimba anayewalipia wadogo zake karo, mama wa Kibuye anayemtunza mkwe aliyepooza. Nikiwauliza wao wenyewe wanahitaji nini, jibu huwa moja: "Mimi niko sawa. Nikionyesha nimechoka nitawaumiza."

Si kweli, na ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu imevaa sura ya upendo na hakuna jirani atakayeikosoa. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Emily Butler na wenzake walichapisha utafiti ambamo wanawake wasiojuana walitazama wawili wawili filamu ya kuhuzunisha, kisha wakaizungumzia. Baadhi waliagizwa kwa siri wafiche hisia zao. Waliozungumza nao, wasiojua lolote kuhusu agizo hilo, walipanda presha ya damu. Mtu anayejichunga uso husikiliza nusu na hujibu kwa kuchelewa, na aliye mbele yake huhisi kuna jambo. Mgonjwa hujijazia mwenyewe: "Amenichoka." Mtoto hudhani amekosa.

Sisemi umwage machozi kitandani pa mgonjwa. Mwambie tu, "Leo mgongo unaniuma, nimechoka, ila nipo." Kisha omba msaada wenye siku na saa: "Otis, Jumamosi kaa na mama kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili." Hili nalisisitiza kwa kila mtu. Ukiandika kwenye kikundi cha familia "mwenye nafasi anisaidie", kila mmoja atamngoja mwenzake, nawe utabaki wodini ukiamini hawakujali.

Dhana nyingine ninazozisikia kwa walezi ni hizi. "Anayenipenda atajua bila kuambiwa." Atajuaje, ikiwa kila akikuuliza unacheka na kumtengea chai?

"Mawazo yameniletea vidonda vya tumbo." Vidonda vingi huletwa na bakteria wa Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Walezi humeza dawa hizi siku baada ya siku ili kichwa kitulie na kazi iendelee. Nenda ukapimwe, na umweleze daktari kila unachonunua dukani.

"Ni uchovu tu, nikilala utaisha." Uchovu huisha ukilala. Lakini kama kwa wiki mbili, karibu kila siku, umejaa huzuni au hakuna kinachokufurahisha, usingizi umevurugika na unajiona hufai kitu, huenda ni sonona, nayo hutibika. Msisubiri matanga yaishe ndipo mje. Njoo mgonjwa wako akiwa bado yuko wodini. Na kama unawaza kujiua, usihesabu wiki zozote: mwambie mtu leo hii, akusindikize hospitalini.