Presha ya mapafu: msituite siku ya mwisho

Wiki iliyopita nililisikia tena. Niliingia wodini, nikajitambulisha kwa mgonjwa, na kabla sijavuta kiti dada yake akanishika mkono akanitoa nje. "Daktari, kwa hiyo mmeshamkatia tamaa?" Mgonjwa mwenyewe ana miaka thelathini na kitu, ana presha ya mapafu, yaani shinikizo la juu kwenye ateri za mapafu, na alikuja kwa miguu yake. Aliyemwambia dada kwamba ukiona watu wa tiba shufaa, yaani sisi tunaopunguza mateso ya ugonjwa mzito, wamekuja ujue ndiyo basi, ni mhudumu wa afya mwenzetu. Ndugu simlaumu. Mwenzetu namlaumu.

Ugonjwa wenyewe nitaupitia haraka. Si presha ile inayopimwa mkononi. Hiyo inaweza kuwa sawa kabisa, hata ya chini. Mishipa inayopeleka damu mapafuni imekuwa minene na migumu, na upande wa kulia wa moyo unasukuma mpaka unachoka. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hutufanya tuushuku ugonjwa; katheta, mrija mwembamba unaopitishwa hadi moyoni, huthibitisha: wastani wa shinikizo ndani ya mishipa hiyo unazidi milimita 20 za zebaki. Wengine chanzo ni tundu la moyo la kuzaliwa nalo, wengine VVU au kichocho, na wengine hakionekani.

Sasa turudi kwenye kinachoniudhi. Watu wamezoea kusikia kwamba tiba ikishindikana ndipo sisi tunaitwa. Kwa ugonjwa huu mpaka huo uko wapi? Sildenafili haimponyi mgonjwa. Inalegeza mishipa ili pumzi imfikishe sokoni. Furosemaidi inatoa maji miguuni kwa njia ya mkojo ili viatu viingie. Shirika la Afya Duniani liliandika tangu 2002 kwamba huduma yetu ianze mapema, sambamba na tiba nyingine. Kuja kwetu hakuondoi dawa za mapafu hata moja, na kuzikatisha ghafla ni hatari.

Tukiitwa mapema tunasikia mambo ambayo kliniki ya dakika kumi haiyafikii. Mama mmoja alikuwa haendelei vizuri, dozi ikafikiriwa kuongezwa. Kumbe hamezi. Muuza dawa alimcheka alipotaja sildenafili, kwa sababu mtaani inajulikana kama dawa ya nguvu za kiume, na mumewe alipoikuta kwenye mkoba nyumba iliwaka moto. Tulimwita mume, tukamweleza kwamba mishipa ya mapafu nayo hulegezwa na dawa hiyohiyo, na mama akaanza kumeza mbele yake. Mwingine alikuwa anaruka furosemaidi kila siku ya safari, maana kwenye daladala utashuka wapi ukajisaidie? Tukasogeza saa ya kumeza. Na kuna wasichana walioambiwa wasibebe mimba, wakaachiwa wao kazi ya kumweleza mama mkwe. Maumivu hayo eko haiyaonyeshi.

Kuhusu morfini, ile dawa kali ya maumivu, vitabu huandika kana kwamba dozi ndogo hutuliza kubanwa pumzi kwa kila mtu. Nimeona ikisaidia, nimeona isisaidie, na tafiti hazikubaliani. Naanza na kiasi kidogo sana, nauliza kesho yake, nisipoona tofauti naiacha. Feni usoni, kuinama mbele mikono ikiegemea meza, kupumzika kabla ya kuchoka: haya nayafundisha kwanza.

Jambo linalonisumbua zaidi ni wakati. Mgonjwa anaweza kuwa na miezi mizuri, kisha moyo ukasimama ghafla. Zaidi ya mara moja nimeahirisha kumuuliza mtu angependa tufanye nini hali ikibadilika, kwa kuwa siku hiyo alikuwa anacheka na wanawe. Sikupata siku nyingine. Bado sijui neno sahihi la kuanzia mazungumzo hayo, lakini sasa nayaanza hata kwa neno baya.

Yule dada nilimjibu, "Hatujakata tamaa, dada yangu. Ndiyo maana nimekuja leo." Tukarudi ndani. Mgonjwa alikuwa na swali moja: atamwogeshaje mwanawe bila kuhema? Tulikaa nalo karibu nusu saa. Beseni liwe juu ya meza, yeye akae kwenye kiti, maji achote mtu mwingine, na sabuni apake yeye.