Usingizi wa mchana haufidii usiku

Juzi kliniki ya kisukari mzee mmoja alinitazama kiunoni, akasema mbele ya foleni nzima: "Sista, unatuambia tupungue, mbona wewe hujaanza?" Hilo nalivumilia. Lililonichoma ni la jirani yangu jioni ileile: "Nyie manesi raha, mkitoka naiti mnalala kutwa, mmeshafidia." Nimelisikia kwa miaka 14. Leo nalijibu.

Hatufidii. Ubongo una saa yake, na inayoirekebisha hasa ni nuru ya jua. Nakabidhi zamu saa moja na nusu asubuhi, napanda daladala jua usoni, tayari ubongo umeambiwa kumekucha. Nikijitupa kitandani saa tatu, homoni ya usingizi imeshashuka, joto la mwili linapanda, bati linachemka. Naambulia masaa manne ya mang'amung'amu. Na kabla mwili haujazoea, ratiba inanirudisha zamu ya asubuhi.

Tumbo nalo lina saa. Sahani ileile ya wali hupandisha sukari zaidi ukiila saa nane usiku kuliko saa nane mchana, kwa sababu usiku mwili hauimudu vizuri. Na saa nane usiku kinachouzwa getini ni chipsi mayai na soda.

Marekani wamekuwa wakifuatilia manesi zaidi ya 120,000 tangu 1976. Kadiri miaka ya kuchanganya zamu za usiku ilivyoongezeka, ndivyo hatari ya kisukari aina ya pili ilivyopanda, na sehemu ya hatari hiyo ilipitia kwenye uzito. Kuhusu saratani nasita zaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiita kazi ya usiku kisababishi chenye uwezekano mkubwa mwaka 2007, likarudia 2019, lakini takwimu kubwa za Uingereza hazikuuona uhusiano huo kwa saratani ya matiti. Kwa wanafunzi wangu nasisitiza sukari.

Na tafadhali, msiniambie nesi anatembea vya kutosha kazini: kuzunguka wodini hatua kumi kumi si mazoezi.

Mimi nakula kikamilifu saa kumi na mbili jioni kabla ya kuingia. Usiku ni yai, karanga na maji. Chai ya mwisho saa saba. Wapo wanaoshauri kutokula kabisa usiku, na maabara inawaunga mkono: waliokula mchana tu sukari yao ilitulia. Lakini wale hawakuwa wakigeuza wagonjwa wala kukokotoa dozi ya kichanga. Nilijaribu mwezi mzima. Ikifika saa kumi alfajiri mikono inatetemeka nikiwa nimeshika kanyula, kile kimrija cha kuingiza dawa mshipani. Niliacha, na simshauri nesi mdogo ajaribu.

Matroni mnaopanga ratiba: asubuhi, jioni, usiku, kwa mfuatano huo. Kuizungusha kinyume ni kuutesa mwili.

Jirani nimemwomba apunguze redio hadi saa nane mchana. Amekubali.