Je, wajua kwa nini kabaila alichukua ng'ombe bora wa marehemu?

Uingereza ya enzi za kati, mkulima asiye huru akifariki, kabaila mwenye ardhi alichukua mnyama aliye bora katika zizi la marehemu. Tozo hiyo iliitwa herioti. Mara nyingi paroko naye alifuata, akachukua wa pili kwa ubora.

Jina lenyewe ni la vita. Katika Kiingereza cha kale, "here" ni jeshi na "geatwe" ni zana. Bwana alimpa mpiganaji wake farasi na silaha; huyu akifa, zana zilirudi kwa mwenyewe ili apewe mwingine. Sheria za Cnut, mfalme wa Uingereza, za miaka ya 1020, zinataja hesabu kamili: kwa mkuu wa jimbo ni farasi 8, wanne wakiwa na matandiko, kofia za chuma 4, deraya 4, mikuki 8, ngao 8, panga 4 na dhahabu ya uzito wa mankusi 200 (mankusi ni kipimo cha kale cha dhahabu). Aliyeuawa vitani mbele ya bwana wake alisamehewa yote.

Mkulima hakuwa na deraya, lakini kisheria mali yake ilihesabiwa kuwa ya kabaila, kwa hiyo ng'ombe akashika nafasi ya farasi wa vita. Kifo kilitangazwa kwenye baraza la shamba, wazee wa baraza wakataja mnyama yupi ni bora, msimamizi akaenda kumswaga. Asiye na mnyama alitoa chungu cha shaba, nguo au fedha. Tusiichanganye na ingilio, ambalo mrithi alilipa ili apewe ardhi: familia moja ililipa yote mawili, tena wakati wa msiba. Na plau nzito ilivutwa na maksai hadi 8, ambao majirani waliwachanga. Akiondoka maksai mmoja, mwenzake wa nira hana kazi, na kulima kunachelewa.

Tauni ya 1348 na 1349 iliwaua wenye mifugo wengi mno, wanyama wakazagaa na bei yao ikashuka, hata wale wa herioti. Henry Knighton wa Leicester, mtawa aliyeandika historia ya enzi hizo, aliandika kwamba farasi wa shilingi 40 alipatikana kwa shilingi 6 na peni 8.

Sheria ya 1922, iliyoanza kutumika 1926, ndiyo iliyoizika herioti, na hata hapo mwenye shamba alistahili kulipwa fidia.