Je, wajua kwa nini spoila ya gari la rimoti la GT hupimwa kwa rula?

Ukihudhuria mbio rasmi za magari ya rimoti ya daraja la GT, yaani yenye sura ya magari ya michezo ya milango miwili, huenda kitakachokushangaza kwanza kikawa meza ya ukaguzi, wala si kasi. Gari halijagusa lami, na tayari mtu mzima na akili zake amelivua bodi, ameigeuza juu chini, anachungulia ndani. Kisha anaweka rula kwenye spoila, yaani lile bawa la nyuma, na kusema, "Bwana mdogo, hii imezidi milimita tatu. Kakate urudi." Milimita tatu! Kwenye gari ambalo dereva wake amesimama ukingoni akiwa na rimoti mkononi.

Kinachoogopwa hapo ni nini hasa? Ni upepo, na baada ya upepo, ni tamaa ya binadamu. Tuanze na upepo.

Chukua gari halisi la GT3, daraja ambalo FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, lililianzisha mwaka 2006. Uzito wake ni kama kilo 1,300. Lipunguze mara kumi kwa urefu, mara kumi kwa upana na mara kumi kwa kimo. Uzito umegawanywa kwa 1,000, umebaki na kilo 1.3. Na kweli, gari la rimoti la kipimo cha 1:10, likiwa na betri na mota yake, huwa na uzito wa karibu hapohapo. Lakini spoila haikugawanywa kwa 1,000. Kinachoshika upepo ni eneo, na eneo ni urefu mara upana basi, kwa hiyo limegawanywa kwa 100. Uzito umepungua mara elfu, eneo mara mia. Maana yake, magari mawili haya yakienda kwa mwendo mmoja, tuseme kilomita 70 kwa saa, upepo una usemi mara kumi zaidi kwa yule mdogo ukilinganisha na uzito wake. Kwa vitendo haifiki kumi kamili, kwa sababu bawa dogo haliipasui hewa vizuri kama kubwa. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno.

Tufanye hesabu ya mezani. Bawa lina milimita 190 kutoka upande hadi upande, ambao ndio upana wa kawaida wa magari ya mbio za lami ya 1:10, na milimita 40 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Gari likifika kilomita 72 kwa saa, bawa lililotegwa vizuri laweza kulikandamiza chini kwa nguvu sawa na gramu 180 hivi. Ukizingatia kwamba tairi mbili za nyuma kwa pamoja zinabeba kama gramu 670 gari likiwa limesimama, umezipatia zaidi ya robo ya ziada bila kupakia mzigo wowote. Punguza mwendo hadi kilomita 36, na zile gramu 180 zinashuka hadi 45. Mwendo ukipungua nusu, nguvu ya hewa inabaki robo. (Ndiyo maana spoila ya Toyota Probox kwenye msongamano wa Digo Road, Mombasa, ni pambo tu. Nguvu yake kwa mwendo ule haiwezi kumsumbua hata nzi.)

Sasa milimita tatu. Bawa likisogezwa nyuma, kazi yake haibaki ileile, kwa sababu linapata wenzo. Magari haya yana kama milimita 257 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Weka bawa milimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma na uache hewa isukume kwa zile gramu 180. Tairi za nyuma zitahisi kama gramu 236, na zile 56 za ziada zimeibwa kutoka tairi za mbele. Gari sasa limeshika nyuma kama gundi, lakini pua imekuwa nyepesi, na kona ya kasi linaikataa, linataka kwenda moja kwa moja ukutani. Dereva mjuzi anajua kuichezea mizani hiyo, na mwenye bawa refu kuliko wenzake ana uwanja mpana zaidi wa kuchezea. Ndiyo maana kanuni haziishii kwenye ukubwa wa bawa. Zinataja pia bawa lisitokeze nyuma ya bampa kupita kiasi fulani, lisipite upana wa bodi, wala lisipande juu ya paa kupita kiasi.

Kwa Mombasa kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kanuni vya Ulaya na Marekani havina haja ya kulieleza. Ni kusi. Tuseme una eneo la wazi karibu na bahari, pande za Mama Ngina au Nyali, na kusi inavuma kwa kilomita 20 kwa saa, jambo la kawaida kabisa mwezi wa Julai. Gari lako linakimbia kilomita 60. Likielekea upepo, bawa linakutana na hewa ya kilomita 80. Likigeuka na kurudi na upepo mgongoni, linakutana na ya kilomita 40. Kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa mwendo, upande mmoja wa uwanja bawa linakandamiza mara nne kuliko upande wa pili. Gari halisi la GT linalokimbia kilomita 240 kwenye upepo uleule lingepata tofauti ya mara moja na nusu tu, wala haifiki. Nahodha wa jahazi hupunguza tanga kusi ikichachamaa, na mwenye gari la rimoti naye angefanya vyema kulaza bawa lake kidogo siku hiyo, badala ya kulaumu tairi. Bawa kubwa zaidi hapo lingezidisha utofauti wa pande mbili za uwanja na kumchanganya dereva.

Na gari hilo hilo ukilipandisha Nairobi, mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya hapa Mombasa. Bawa lilelile, kazi pungufu.

Katika magari makubwa, somo la mabawa lilipatikana kwa ajali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 magari ya Formula One yalikuwa na mabawa yaliyosimama juu ya vyuma vyembamba kama stuli. Mei 1969, kwenye mbio za Hispania huko Montjuïc, Barcelona, mabawa ya magari mawili ya timu ya Lotus yalivunjika, ya Graham Hill na ya Jochen Rindt, na yote mawili yakagonga vizuizi. Wiki mbili baadaye, mbio za Monaco zikiwa zimeshaanza mazoezi, mabawa yale marefu yakapigwa marufuku papo hapo. Tangu hapo kila daraja la mbio lina kurasa zake za vipimo vya bawa, na mbio za rimoti zimerithi tabia hiyo.

Wabunifu nao hawalali. Mwaka 1971 dereva Mmarekani Dan Gurney alifunga kipande kidogo cha chuma kilichosimama wima kwenye ukingo wa nyuma wa bawa. Kitu cha kudharauliwa ukikitazama, lakini bawa likaanza kukandamiza zaidi. Kwenye gari la rimoti, ukingo wa milimita chache tu wa namna hiyo unahisiwa. Kwa hiyo mkaguzi akipima bawa, hupima pamoja na ukingo huo na vile vibao vya pembeni. Usidhani umemzidi ujanja.

Hadi hapa nimesema bawa, lakini kwa maoni yangu kanuni za bodi ndizo zenye uzito zaidi, na ndizo zinazolalamikiwa zaidi na watu wasiozielewa.

Madaraja ya GT mara nyingi hufunga mota. Kwa mfano, daraja la USGT la Marekani hutumia mota yenye mizunguko 21.5 ya waya, ambayo ni ya mwendo wa wastani, na kila mtu analazimika kuwa nayo. Tairi huenda zikawa za aina moja pia. Ukishawafunga watu mota na tairi, akili yote inahamia kwenye bodi, kwa sababu ndicho kitu kikubwa kilichobaki cha kuchezea. Tumeshaliona hilo. Katika mbio za magari ya saluni ya rimoti miaka ya 2000, bodi ya Mazda 6 iliyotengenezwa na kampuni ya bodi ya Protoform ilishika vizuri kuliko nyingi, basi ukifika uwanjani ni Mazda 6 mwanzo mwisho, rangi tu ndizo zilizotofautiana. Zilizokuja baadaye zilisogeza kioo cha mbele, zikashusha boneti, zikanyanyua buti, hata ikawa lazima usome stika ndiyo ujue gari ni la kampuni gani.

Daraja la GT linajaribu kuzuia hilo. Bodi iwe ya gari la GT linalotambulika, la milango miwili. Vyama vingi vina orodha ya bodi zilizokubaliwa, na ambayo haimo haipandi uwanjani. Vioo vionekane ni vioo, taa ziwe mahali pake. Mtu asiyejua mchezo huuliza, taa za stika zinaongeza kasi gani? Haziongezi. Ni za mtazamaji, ili mtoto aliyesimama pembeni aweze kusema "ile Porsche" na awe sahihi. Gari la kwanza la rimoti la kampuni ya Tamiya, mwaka 1976, lilikuwa Porsche 934, na ili kuichora sawasawa mwenye kampuni alinunua Porsche 911 nzima na kuibomoa kipande kwa kipande. Mchezo huu ulianza na hamu ya kufanana. Ukiiondoa, unabaki na maputo ya plastiki yanayokimbizana.

Zipo kanuni za bodi ambazo hazina mapambo ndani yake. Mkaguzi anapochungulia ndani anatafuta mambo. Bampa la nyuma, kwa mfano. Hewa inayopita chini ya gari huingia na kunaswa na ukuta wa bampa kwa ndani, na inalirudisha gari nyuma kwenye sehemu ndefu zilizonyooka. Suluhisho la mjanja ni kukata bampa, kidogo leo, kidogo kesho, mpaka gari halina nyuma. Kanuni huweka kikomo cha kukata, na mara nyingi ni ule mstari uliochongwa na kiwanda.

Pua nayo. Bodi ikisukumwa mbele kidogo au kushushwa, tairi za mbele hupata nguvu. Ikiwa juu mno, hewa huingia chini yake, na hilo si la mchezo hata kwa wakubwa: kwenye mbio za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1999 magari ya Mercedes CLR yalipaa hewani mara tatu katika wiki moja ya mashindano, kwa sababu ya hewa iliyoingia chini ya pua. Gari la kilo moja na ushei linahitaji kisingizio kidogo zaidi kufanya hivyo.

Halafu unene. Bodi hizi ni za polikaboneti, plastiki ngumu isiyopasuka ovyo, kwa kawaida ya milimita 0.75 au 1. Nyembamba zaidi ni nyepesi, na uzito unaotolewa juu ya gari ni faida kwenye kona. Lakini bodi nyembamba hubonyea kwa upepo, boneti inazama, mbavu zinaingia ndani, na baada ya kugongwa mara mbili inakwenda jaani. Baadhi ya madaraja huweka uzito wa chini wa bodi kwa sababu hiyo, na mimi naunga mkono. Bodi inaagizwa nje, inalipiwa usafiri, na kijana wa Kisauni hapaswi kununua mpya kila mwezi ili aende sambamba na mwenzake. Ningeambiwa nichague kulegeza kanuni moja, ningelegeza ya bawa. Bawa ni kipande kidogo cha bei nafuu, ukikosea unachonga kingine.

Kama umeshapata bodi yako na hujaikata bado, kata nje ya mstari kwanza, kisha maliza kwa msasa, kwani polikaboneti ikishakatwa hairudi. Rangi hupakwa kwa ndani, si nje, ili ikikwaruzwa isitoke. Ziba vioo kwa tepu kwanza visije vikapata rangi. Rangi ya kupuliza ya magari iliyo kwenye maduka ya hadiwea iache hapohapo dukani. Ikikauka haikubali kupinda na bodi, inabanduka kwa magamba kwenye ajali ya kwanza, na thina yake inaweza kuifanya plastiki yenyewe ipasuke. Ya polikaboneti huandikwa hivyo kwenye kopo. Spoila ifunge mwisho kabisa, ukiwa na kitabu cha kanuni za chama chako upande mmoja na rula upande wa pili, na matundu ya skrubu uyatoboe baada ya kupima mara ya pili.