Kuzungusha kamera si kujenga makumbusho ya mtandaoni

"Mleteni kijana mwenye kamera ya digrii 360 azunguke vyumba vyote, jioni tuwe mtandaoni." Ndivyo wanavyosema wenye makumbusho madogo kila wanapopata fedha kidogo. Piga hesabu kwanza. Picha ya mzunguko yenye upana wa pikseli 8,000 inaipa kila digrii pikseli 22 hivi. Kibao cha maelezo cha sentimita 10, kamera ikiwa mita 2 mbele yake, hakifiki digrii 3: ni pikseli 63 tu. Mstari wa herufi 40 hapo unabaki na pikseli moja na nusu kwa herufi. Mgeni akivuta picha anaona ukungu, na kwenye kioo cha kabati anaona taa za dari. Halafu mnalalamika kwamba watu wa simu hawana subira. Wasubiri nini?

Chagua vitu vichache, uvishughulikie. Mimi ningeanza na amadinda, marimba ya Baganda yenye mbao 12. Wapigaji ni watatu: wawili hukaa wakitazamana, pigo la mmoja likiingia katikati ya mapigo ya mwenzake; wa tatu hushika mbao mbili fupi za sauti nyembamba. Ukiwa chumbani, nyimbo zimesukwa hata hujui nani kapiga nini. Mtandaoni unaweza kuzifumua. Usiweke vipaza sauti vitatu kwa pamoja. Marimba ni moja, kila kimoja kitawanasa wote. Rekodi mpigaji mmoja mmoja, wa pili akimsikiliza wa kwanza kwa hedifoni, kisha weka vitufe vitatu vya kuzima na kuwasha. Mgeni akimzima mmoja, wimbo alioudhani ni mmoja unamvunjikia masikioni. Na tafadhali, ukurasa wa kwanza usizidi MB 2, sauti ipakuliwe mtu akibonyeza tu. Bando hununuliwa.

Mtanijibu: "Mgeni akishaona kwenye simu hatakuja." Simu haitetemeshi kifua ngoma ikilia, wala haimvui mtu viatu mlangoni Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda jijini Kampala.

"Tukishapima kitu kwa leza, hata kikiungua tunacho." Makaburi hayo ya Kasubi yalipimwa kwa leza mwaka 2009, Machi 2010 Muzibu Azaala Mpanga, nyumba yake kuu ya paa la nyasi, ikateketea. Vipimo vilibaki, ila leza husoma uso wa kitu. Haijui nyasi huchaguliwaje wala fungu hukazwa vipi. Hilo wanalijua waezekaji wa ukoo wa Ngeye, na bila wao vipimo hivyo haviezeki paa.

"Basi waliokuja waguse kila kitu." Jasho lina chumvi, na chumvi hula chuma. Kwa lubugo, kitambaa cha gome la mti, nunua kipande kipya, kitundike mlangoni wakishike watakavyo. Kikichakaa, tundika kingine.