Kisanduku cha kunasia nyuki: bana gharama kwenye boksi, si kwenye viunzi

Boksi lenyewe unaweza kuliunga kwa mabanzi yaliyobaki karakana, mradi viunzi vya juu, yaani vile vipande vya mbao ambavyo nyuki huning'iniza masega yao chini yake, viwe na upana wa sentimita 3.2 kamili. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Nyuki wetu wana nafasi yao kati ya sega na sega, nayo ndiyo hiyo 3.2. Ukiwapa viunzi vya 3.4, zile milimita mbili zinajumlishana, na kufikia kiunzi cha sita sega limesogea sentimita nzima na kushikana na kiunzi cha jirani. Siku ya kuwahamishia mzinga mkubwa, ukinyanyua kimoja unararua sega, majana (mayai na watoto wa nyuki) yanamwagika, na kundi linakuhama. Basi panga viunzi saba mezani, vibanane: futi kamba isome 22.4. Mbao ziwe kavu, maana mbichi husinyaa na kuacha nyufa.

Upana na mteremko wa kuta ufuate mzinga wako mkubwa ili viunzi viingie bila kukatwa tena. Kwa kina cha sentimita 30 unapata lita 20 hivi, zinatosha. Tundu la kuingilia ni moja tu, la sentimita 2. Ndani usipake rangi, na mbao zinazonuka dizeli au dawa ziache kabisa.

Nta iyeyushe ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto. Ukiiweka moja kwa moja motoni itawaka. Chora mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, na kidogo upake kutani. Majani ya mchaichai yaliyopondwa, sugua mlangoni.

Tundika kivulini, mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, kabla maua hayajachanua, kwa waya uliopakwa grisi, tawi lolote lisiguse boksi. Vinginevyo siafu wataingia. Kagua kila wiki, ufagie buibui na nondo wa nta.

Nyuki wachache wanaozunguka tundu ni wapelelezi tu. Subiri uwaone wakiingia na chavua miguuni: kwa kawaida malkia ameshaanza kutaga. Ukiwahamisha kabla ya majana hawana kinachowashika. Baada ya wiki mbili tatu, ziba tundu usiku kwa wavu, beba, kisha panga viunzi mzingani kwa mfuatano uleule, bila kukigeuza hata kimoja.